Siku Nne za Abílio Mjini Porto

Saint-Étienne, 4 Machi 1984

Dada yangu Deolinda,

Pokea salamu zangu, za mke wangu Colette na za mwanetu Nadège, ambaye ametimiza miaka tisa mwezi uliopita na meno yake mawili ya mbele yameota upya, makubwa kama ya sungura. Sisi ni wazima. Theluji bado haijaisha huku. Karakanani tunaunda baiskeli kama siku zote, ila Wafaransa sasa wanazitaka za rangi za peremende. Mama hajambo? Na kile kifua chako cha kila baridi kinaendeleaje?

Sasa jambo lenyewe. Kama umekalia kile kigoda kibovu cha jikoni, simama kwanza. Tunakuja. Siku tano, kuanzia Jumatano tarehe ishirini Juni hadi Jumatatu asubuhi. Mwalimu wa Nadège ametoa ruhusa. Colette amenunua kitabu cha wasafiri na amekijaza mistari: mnara wa Clérigos, daraja la chuma, kanisa kuu, vigae vya buluu vya stesheni ya São Bento. Kila jioni ananiuliza, "Na hapa pakoje?" Nami namjibu kama mtu aliyepita hapo jana, kumbe ni miaka kumi na saba.

Tutafikia hoteli. Usikasirike, dada. Mna chumba kimoja na jiko, na sitaki Mama asumbuke.

Huwa ananiulizia? Niambie kweli.

Mdogo wako,
Abílio


Porto, 2 Aprili 1984

Abílio, mwana wa mama yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, ndiyo sababu niko hai kukujibu. Kisha nikamsomea Bi Felismina wa chumba cha pili, naye kwa sauti yake ile ya kuuzia samaki akawasomea wengine. Sasa mtaa mzima wa Fontainhas unajua habari za meno ya Nadège.

Hoteli! Haya, bwana mkubwa. Kitanda ulichokikojolea mpaka una miaka sita leo kimekuwa kigumu? Laleni huko, lakini kula mtakula kwangu, na atakayekataa aje na cheti cha daktari.

Mnakuja wakati wa sikukuu ya São João, au kalenda ya kwetu umeisahau? Jumamosi ile mtaa wote utanuka sadini za kuchoma. Kila dirisha litakuwa na chungu cha mrehani, na watu watapigana vichwani kwa maua ya vitunguu kama wendawazimu. Mwambie Colette asivae nguo anayoipenda.

Kifua changu kimenyamaza kabisa. Bado nashonea kiwanda kola za mashati hapa hapa nyumbani. Mama naye hajambo. Anakula vizuri, anaimba, na miguu yake ni ya chuma, sote anatuacha nyuma kwenye ngazi.

Njooni tu.

Dada yako,
Deolinda


Saint-Étienne, 10 Mei 1984

Dada,

Tumeipata barua yako na Colette ameomba nimfasirie mara mbili ile sehemu ya kitanda. Asante sana kwa kunivunjia heshima nyumbani kwangu. Sote tu wazima, ni Nadège tu ana mafua.

Nilikuuliza jambo moja ukanijibu habari za sadini. Mama anakula, anaimba, anapanda ngazi. Sawa.

Nadège anajifunza Kireno. Mpaka sasa ana maneno matatu: mkate, asante na bibi. Kosa ni langu, sikumfundisha. Treni itaingia Jumatano saa tisa alasiri. Usije stesheni, mimi na stesheni hatupatani. Tutakuja wenyewe mpaka mlangoni.

Abílio


Porto, 9 Julai 1984

Abílio,

Salamu kwako, kwa Colette, na kwa Nadège salamu mara mbili. Joto limeingia kweli kweli, mto unanuka. Mama ana afya. Safari hii sitakwambia anakulaje.

Hukungoja nikueleze. Jumapili nilichoma yule mwanambuzi wa sikukuu, nikawangoja mezani mpaka mafuta yakaganda. Nilipokwenda hotelini mpokea wageni akaniambia mmepanda treni ya kwanza, siku nzima kabla ya siku yenu. Nikarudi na sufuria yangu kwapani. Bi Felismina aliniona na hakuuliza, na wewe unamjua Bi Felismina.

Basi nieleze sasa. Akili ya Mama ilianza kupotea miaka miwili iliyopita. Yalianza majina, ikafuata miaka. Sikukuandikia. Nilijiambia sitaki kukutia uchungu na uko mbali, lakini huo nao ni uongo. Niliogopa kwamba ukijua hakukumbuki hutakuja kabisa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeumbuka. Jumatano ulipoingia akakuita "bwana" na kukuvutia kiti, ulidhani anakutania. Mimi nikacheka kwa nguvu ili uendelee kudhani hivyo.

Lakini zile siku tatu za mwanzo zilikuwa nzuri, usizifute. Colette alipanda mnara wa Clérigos na viatu mkononi, akafika juu akanibusu kana kwamba ni mimi niliyeujenga. Wewe ulisimama mbele ya vigae vya São Bento ukimsimulia binti yako wafalme na vita, nusu ukiyabuni, nilikusikia. Na Nadège alivuka daraja la juu ameshikwa mkono na Mama. Mama alikuwa akimwita Deolinda, na mtoto akaitika! Kutwa nzima aliitika, wala hakutusemea kwako.

Jumamosi asubuhi mimi na Colette tulikwenda soko la Bolhão kuchagua sadini, wewe ukaenda kwa kinyozi. Tuliwaacha Mama na Nadège mlangoni wakimenya maharage na Bi Felismina. Maziwa yake yakachemka, akaingia ndani kuyaepua. Alipotoka, maharage yalikuwepo, watu hawakuwepo.

Tuliwatafuta kwa muda wa saa nne. Wewe ulikimbilia mtoni, Colette kanisa kuu, mimi kila ngazi ninayoijua. Yaliyotokea nimeyaokota baadaye, kidogo kidogo, na hukuwepo kuyasikia.

Mama alimwambia mtoto, "Deolinda, tanuri litapoa." Akamshika mkono wakateremka mpaka kando ya mto, pale zamani mashua zilipokuwa zikishusha vichaka vikavu vya kuwashia matanuri ya mikate, mzigo wake wa miaka yote. Mashua hazipo tangu zamani, lakini wakata miti wa manispaa walikuwa wameacha matawi kando ya barabara. Mama akafunga tita lake na jingine dogo. Sweta ya Nadège ikawa kamba. Kisha wakaupanda ule mteremko wetu, huo ambao hata mbuzi huufikiria mara mbili, mpaka mlangoni pa tanuri la zamani.

Siku hizi hapo ni duka la kutengeneza redio. Mwenyewe amenisimulia. Anasema Mama aliingia, akatua tita juu ya meza katikati ya redio zilizofunguliwa, akasema, "Haya, mkate wangu na wa mtoto." Yule bwana akataka kucheka. Akamtazama Nadège, na Nadège akamtikisia kichwa hivi, polepole, kumwambia asicheke. Halafu akamwambia kwa Kireno chake, "Mkate. Asante." Yule bwana akatoa chakula chake cha mchana, mkate wa mahindi na jibini, akaukata vipande viwili akawapa. "Ningefanyaje?" ananiuliza. "Walikuwa wameufanyia kazi."

Wakarudi chini kuleta mzigo wa pili. Hapo ndipo ulipowakuta, katikati ya mteremko, mwanao ameinama chini ya matawi, magoti yamechubuka, na Mama nyuma yake anamhimiza, "Usisimame! Ukisimama huondoki tena!"

Hofu yako naijua, na mimi nilikuwa nayo. Lakini ulimpigia Mama kelele mbele ya watu waliokuwa wakiwasha majiko yao ya sadini: "Umemgeuza mwanangu punda!" Maneno hakuyaelewa. Sauti aliielewa. Siku tatu hakuimba.

Mimi ukaniita mwongo. Hilo nalipokea, ni langu.

Andika, hata kama ni matusi.

Dada yako,
Deolinda


Porto, 14 Agosti 1984

Abílio,

Natumaini hamjambo wote watatu. Sisi tupo. Bi Felismina siku hizi anayaacha maziwa yamwagike yakitaka, lakini mlangoni haondoki.

Mama ameniuliza, "Deolinda mdogo yuko wapi?" Nimemjibu yuko shule. Akasema, "Shule wakati wa kiangazi? Mnamwonea."

Zaidi ya hayo sina habari. Kola mia tatu wiki hii.

Deolinda


Saint-Étienne, 2 Septemba 1984

Dada Deolinda,

Barua zako zote mbili zilifika. Ya kwanza imo kwenye mfuko wa koti langu la kazi tangu Julai na sasa imeingia mafuta ya mnyororo, lakini bado inasomeka. Sote ni wazima. Magoti ya Nadège yamepona. Alikuwa akiwaonyesha wenzake makovu kama medali, na yalipofutika alisikitika.

Colette alininunia tangu Porto mpaka Saint-Étienne. Tulipofika nyumbani akaweka masanduku chini akaniambia, "Mtoto alikuwa anacheka, Abílio. Hukumwona usoni?" Sikumwona. Niliona mgongo tu.

Nikueleze habari ya huo mgongo, maana umestahili kujua, na barua hii nimeshaichana mara nne.

Lile neno punda sikulibuni siku ile. Nilipokuwa darasa la pili, Mama alikuwa akipita chini ya dirisha la darasa letu na tita, saa nne kila asubuhi. Watoto walikuwa wakilia kama punda. Siku moja na mimi nililia pamoja nao. Yeye aliinua macho kidogo, akaendelea na mlima.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili. Asubuhi ile ya Machi 1967 nilipoondoka wewe ulikuwa kitandani na kifua chako, hukutusindikiza. Karatasi ya kuniita nikapigane vita vya Msumbiji ilikuwa imeshafika, na mtu wa kunivusha mpaka alikuwa ananingoja. Nilivaa suti ya marehemu Baba. Mama akanyakua sanduku langu, akalibeba mgongoni kwa kamba kama tita, na mimi nikaona haya. Miaka ishirini na moja, nimevaa suti, naona haya! Nikatangulia. Hatua kumi, halafu ishirini. Sikugeuka tangu Fontainhas mpaka stesheni ya Campanhã.

Pale kwenye behewa kijana mmoja akaniuliza, "Yule mama ni nani wako?" Nikamjibu, "Mchukuzi."

Alikuwa karibu, dada. Sijui kama alisikia. Alitua sanduku, akasogea kando ya nguzo, akabaki ananitazama. Hatukuagana. Hata mkono sikumpungia.

Tangu serikali ile ya vita na polisi wa siri ianguke ni miaka kumi, mpaka uko wazi, na kila kiangazi nimekuwa nikimwambia Colette mwaka kesho. Yeye alidhani naogopa polisi waliokwisha kufukuzwa kazi. Nilikuwa namwogopa mwanamke wa miaka sabini na sita asije akaniuliza, "Mimi ni nani wako?" Ndipo nikafika, akaniita bwana. Nikajisemea, umelipwa sawasawa. Na siku ya nne namkuta mwanangu katika njia ile ile na mzigo ule ule. Sikumpigia Mama kelele, ingawa ni yeye aliyezisikia.

Sijui nakuomba nini. Labda unisomee tu.

Abílio


Porto, 15 Septemba 1984

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote, na nisamehe leo sina subira ya kuulizia mafua ya mtu.

Nimekusoma mara tatu. Mjinga wewe. Mjinga wangu mpenzi, miaka kumi na saba umekaa na jambo ambalo mtaa mzima unalijua, ila tunalijua vingine!

Sikiliza. Siku ile Mama alirudi saa sita, akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akavua viatu. Nikamuuliza, "Mmeagana vipi?" Akasema, "Hatukuagana. Campanhã palikuwa na polisi wa siri wawili wenye makoti. Mama akimlilia kijana wa umri ule, wanajua mara moja anakimbia vita. Nimebaki nyuma tangu hapa nyumbani, nimejifanya mchukuzi. Njia nzima naomba Mungu, asigeuke, asinisubiri, asije akanikumbatia. Hakugeuka hata mara moja, Deolinda! Na alipoulizwa mimi ni nani, akajibu pale pale, 'Mchukuzi.' Yule mtoto ana akili. Yule atafika."

Hivyo alivyosema. Akacheka, kisha akalia, kisha akaniomba supu.

Baada ya mapinduzi, hadithi hii ilipokuwa haina hatari tena, aliwasimulia watu mpaka wakaichoka. Bi Felismina anaijua kwa moyo, hata anaigiza mwendo wako. Mimi sikukuandikia kwa sababu nilidhani mlipanga pamoja.

Wewe ulikuwa na nini moyoni njiani, hilo ni lako na Mungu, siwezi kukufutia. Lakini yule aliyesimama kwenye nguzo hakujua kwamba ameachwa. Alikuwa anajivuna.

Habari ya punda wa shuleni siijui kuipunguza. Mimi nilipokuwa na miaka kumi na minne, wewe bado mchanga, nikitoka kanisani nilikuwa nazungukia njia ya juu nisikutane naye. Tulikuwa watoto. Yeye ndiye aliyekuwa mtu mzima, na alitubeba.

Sasa na mimi niseme langu, maana leo kalamu imeniteleza. Nimechoka, Abílio. Kifua hakikunyamaza, nilikudanganya. Miaka miwili sijapiga hatua kumi bila kusikiliza nyuma yangu kama kuna mlango umefunguka. Sitaki unitumie chochote. Nataka wiki mbili. Njoo ukae naye wewe, mimi niende mahali, popote. Nina miaka hamsini na miwili na treni haijawahi kunifikisha mbali kuliko pwani ya Espinho.

Nimeandika. Naipeleka posta kabla sijaghairi.

Deolinda


Saint-Étienne, 27 Septemba 1984

Dada,

Sote ni wazima. Barua yako nimeisomea karakanani, chooni, mlango nimeufunga. Mengine tutaongea nikifika.

Nimechukua likizo yangu ya Krismasi mapema. Msimamizi amenung'unika, acha anung'unike. Nafika Ijumaa tarehe kumi na mbili Oktoba, na tiketi yako ya kuja huku imo humu ndani, ni ya Jumapili. Utalala kitanda cha Nadège. Amesema mwenyewe, na ukuta ameshautundikia picha ya daraja.

Colette anasema usibebe chakula. Nimemwambia hilo haliwezekani.

Njoo stesheni kunipokea. Mje wote wawili.

Abílio


Saint-Étienne, 19 Oktoba 1984

Abílio,

Salamu kutoka nyumbani kwako! Mkeo na mwanao hawajambo, na mimi sijijui nikoje. Siku ya kwanza nililala mpaka saa tano ya asubuhi, Colette akanisogezea kioo puani aone kama napumua. Kifua kweli kimenyamaza, andika hilo mahali.

Nadège akitoka shule ananitembeza. Tunaongea kwa vidole na yale maneno yake matatu, ambayo sasa ni arobaini, na kumi kati ya hayo si ya kusema mbele ya padre. Nimekula jibini inayonuka kama soksi zako za ujana, nikaongeza. Jana uani amenipandisha baiskeli, mojawapo ya hizo zako za rangi ya peremende. Nimeanguka mara mbili. Ya tatu nikafika ukutani! Colette alipiga makofi mpaka majirani wakafungua madirisha.

Mama apewe supu kabla giza halijaingia, na ule mlango ufungwe kitasa cha juu. Akimwita Deolinda, wewe itika.

Dada yako,
Deolinda


Porto, 23 Oktoba 1984

Dada Deolinda,

Nimecheka mpaka Bi Felismina akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Nimemsomea. Kesho mji mzima utajua kwamba unaendesha baiskeli.

Huku mvua imeanza na mto umepanda. Mama ana afya, anakula, anaimba, na safari hii ni kweli. Nimejifunza kuitika kwa jina lako. Nimeitika pia kwa jina la Baba, la padre, na jana la mtu mmoja anayeitwa Zulmira.

Lakini mara nyingi ananiita bwana, na ananiheshimu mno. Ananivutia kiti. Hanikaripii kwa lolote, na nyumba ambayo Mama hakukaripii, unajua, si nyumbani.

Leo adhuhuri tulikuwa tunakula. Akaniangalia muda mrefu, akaniuliza, "Bwana, wewe una mama?"

Nikasema, "Ninaye."

"Yuko mbali?"

"Hapana. Yuko karibu."

Akaweka kijiko chini. "Sasa unafanya nini hapa kwangu? Umekaa siku ngapi! Nenda kamwone. Wanawake wa umri huo wanangoja."

Akainuka, akafunga kipande cha mkate kwenye kitambaa, akanitia mkononi, akanifungulia mlango. Dada, ningefanyaje? Nilitoka. Mvua inanyesha. Nimezunguka safu nzima ya vyumba na mkate wangu, nimepita kwenye ule udongo wa nyuma kwa Bi Felismina, nikarudi mbele, nikabisha hodi.

Akafungua. Akanitazama kuanzia kichwani, akashuka mpaka chini.

"Ndiyo saa za kurudi hizi?" akasema. "Na viatu vina tope! Futa kabla hujaingia, sijapiga deki hapa kwa ajili yako."

Nikavifuta.

Abílio